Geji ya Temperecha Imepanda? Wasee wa Kitengela na Kajiado, Msikubali Injini Ifunguliwe Kabla Mjue Nani Anadanganya

Kama unaishi Kitengela na job iko Nairobi, unaijua hiyo hesabu ya asubuhi. Unatoka keja kabla jua litoke, unaingia Namanga Road, unasukumana na malori za simiti hadi Athi River, unafika Mlolongo halafu unaamua: upande Expressway ulipe, ama ushuke Mombasa Road uteseke bure. Na kwa hiyo jam kuna kitu dere huogopa kuliko karao wa roundabout. Ni ule mshale wa temperecha kuanza kupanda polepole kuelekea H.

Kenye hufuata karibu kila mtu anakijua. Gari inaingia kando. Fundi anatokea, anafungua boneti, anaskiza kidogo kama daktari, halafu anatoa hukumu: "Boss, hii ni gasketi. Hedi lazima itoke." Hajapima kitu. Hajaangalia kama maji iko. Hajauliza kama geji yenyewe iko sawa. Jioni injini iko kwa meza, vipande vipande, na wewe unaanza kupigia watu wa chama simu.

Wacha tuseme hii kitu wazi: geji ni shahidi tu, na shahidi anaweza kudanganya. Kabla ulipe hata soo ya spea, lazima kwanza ujue kama injini inachemka kweli ama ni geji inaota. Hiyo kazi ya kujua inachukua chini ya saa moja. Shida ni kwamba mtaani hakuna mtu hulipwa kwa kujua. Watu hulipwa kwa kufungua.

Kwa nini hii stori ni ya sai

Angalia venye soko la magari limeenda. Julai 2023 ushuru wa forodha kwa gari zinazoingia ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Mapema 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 kabla irudi chini hadi karibu 129. Halafu kuna ile sheria ya miaka minane, KS 1515, yenye KEBS husimamia. Tangu Januari 2026, gari ya mtumba inaingia nchini kama tu ilisajiliwa mara ya kwanza 2019 ama baadaye. Gari ya miaka ya karibuni huko Japan si bei ya mboga.

Matokeo ni rahisi kuona kwa parking ya ploti yoyote Kitengela, Isinya ama Kajiado mjini. Watu wanashikilia zenye wako nazo. Probox ya 2008 yenye iliingia Mombasa 2015 bado inabeba mayai, bado inapeleka watoto shule, bado inalipa loan. Imefika miaka 18. Kila kitu cha plastiki, raba na waya ndani yake kiko na miaka 18 pia, na hapo ndipo geji huanza kuongea vitu hazieleweki.

Ongeza hii: 2025 NTSA ilileta rasimu ya sheria za ukaguzi zenye zinataka hata gari za kibinafsi zilizopita miaka minne zipitie inspection. PSV na gari za biashara zimezoea kukaguliwa kila mwaka. Kwa mtu wa Vitz wa kawaida, hiyo ni habari mpya. Watu walipiga kelele juu ya pesa, na haki yao. Lakini chini ya hiyo kelele kuna swali lenye halikuulizwa sana: gari yako ikiwa na shida, nani huku mtaani anajua kuipima vizuri?

Geji inajuaje kama kuna joto?

Tuanze na kitu ndogo sana. Kwa injini, karibu na themostati, kuna sensa ya saizi ya kidole. Ncha yake inakaa ndani ya maji ya redieta. Ikiwa baridi, inakataa stima kupita. Ikipata joto, inaachilia. Kwa Toyota nyingi, kwa joto la nyuzi 20 ukinzani wake unakuwa kati ya ohm 2,000 na 3,000. Ikifika nyuzi 80 unashuka hadi kati ya 200 na 400. Hiyo tu ndiyo lugha yake. Haijui gasketi, haijui wota pampu. Inajua tu vile ncha yake inahisi.

Gari za kitambo zilikuwa na sensa mbili: moja ya waya moja ya kupeleka ripoti kwa mshale, na nyingine ya waya mbili ya kuambia kompyuta. Kumaanisha mshale unaweza kuwa mgonjwa na kompyuta iko sawa kabisa. Gari nyingi za baadaye ziko na sensa moja. Inaambia kompyuta, kompyuta ndiyo inaambia dashibodi.

Na hapa kuna siri yenye madereva mob hawajui. Kwa gari nyingi za kisasa, mshale umetengenezwa usikusumbue. Joto linaweza kupanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa na mshale umetulia tu hapo katikati kama askari wa benki. Ukiuona unasonga, mambo huwa yameshaenda mbali. Na gari ndogo kama Vitz, Passo, Demio na Fit mara nyingi hata mshale hazina. Unapewa taa ya bluu injini ikiwa baridi, inazima ikipata joto, halafu nyekundu ikizidi. Ikifika nyekundu, hakuna tena mazungumzo.

Uongo wa aina tatu

Ukiskia geji imesumbua, jiulize kwanza inadanganya kwa njia gani.

Uongo wa kwanza: geji inasema moto, injini iko poa. Ishara yake ni rahisi. Gari imelala usiku mzima, unageuza tu ufunguo, na mshale unaruka H mara moja. Maji ya lita kadhaa hayawezi kupata moto kwa sekunde mbili. Hiyo ni stima. Kwa gari za kitambo, waya ya sensa imechunika ikagusa chuma. Kama mshale wa mafuta nao unacheza pamoja na wa joto, angalia earth ya dashibodi ama kale kakifaa ka kusawazisha stima ya geji. Hapo injini haina makosa yoyote.

Uongo wa pili: geji inakataa kutoka C hata ukifika Mlolongo. Wengi hufurahia hii. "Dinga yangu haipatangi moto." Pole pole na hiyo furaha. Inaweza kuwa waya imekatika ama sensa imekufa. Inaweza pia kuwa ukweli: themostati imekwama ikiwa wazi, ama kuna fundi aliitoa kitambo akakuambia "hii ni Africa, haina kazi." Hiyo ni moja ya uongo mkubwa wa gereji za mtaani. Bila themostati injini inachelewa kufika joto lake la kazi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama bado ni baridi, na injini inalika haraka. Unalipia kila asubuhi kwa pampu ya mafuta, na EPRA hatakuonea huruma tarehe 14.

Uongo wa tatu ndio unaua: geji iko katikati ama hata baridi, na injini inaungua. Inatokea aje? Maji yameisha. Ncha ya sensa inaning'inia kwa hewa. Sensa iliumbwa kupima maji, kwa hewa inapotea. Kwa hivyo mshale unaweza kubaki chini, ama kupanda kidogo na kuanguka tena, na wewe unajiambia imejitengeneza. Chini yako chuma kinapinda. Injini kama 1NZ, yenye iko kwa Fielder na Probox mob, hedi yake na bloku yake ni alumini. Alumini ikizidishwa moto haisamehi.

Ndio maana mshale wenye unapanda na kushuka kama mtoto kwa bembea unafaa kukuogopesha kuliko ule umesimama H asubuhi na mapema. Huo wa H saa ingine ni waya tu. Huo wa kucheza mara mob ni maji imepungua ama hewa imeingia.

Ita mashahidi watatu

Korti haifungi mtu kwa neno la shahidi mmoja bila kumhoji. Fanyia injini yako vivyo hivyo.

Anza gari ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya kuwasha. Na hii usicheze nayo: usiwahi fungua kifuniko cha redieta kama injini iko moto. Yale maji yako chini ya presha, yakitoka yanarukia uso. Watu wamechomeka vibaya kwa haraka ya dakika moja. Gari ikiwa baridi, fungua, angalia maji iko hadi juu. Angalia pia ule mkebe wa akiba. Kama maji imepungua, umeshapata stori yako. Tafuta inaenda wapi kabla ya kitu kingine.

Shahidi wa kwanza ni mshale wenyewe, na umeshamskiza.

Shahidi wa pili ni kompyuta ya gari. Kuna kile kifaa kidogo cha OBD chenye unachomeka chini ya dashibodi, kinaongea na simu kwa bluetooth. Bei yake ni ndogo kuliko ya gasketi, na ukinunua kimoja na majirani wa ploti mnagawana. Gari ikiwa imelala usiku mzima, geuza ufunguo bila kuwasha injini, soma vitu viwili: joto la kulanti na joto la hewa inayoingia. Zote zinafaa kukaribiana, juu usiku kila kitu kilipoa pamoja. Kama hewa inasema 16 na kulanti inasema 17, sensa iko na akili. Kama kulanti inasema minus 40, hakuna barafu Kitengela, hapo waya imekatika ama plagi imechomoka. Kama inasema 130 na zaidi kwa injini baridi, waya zimegusana.

Kompyuta pia huandika kodi. P0117 na P0118 ni za mzunguko wa stima wa hiyo sensa: ya kwanza waya zimegusana, ya pili waya zimekatika. P0128 inasema injini inachelewa kupata joto, na hapo themostati ndiyo mshukiwa nambari moja. Fundi akikuambia "ni gasketi" na skana inasema P0118, umwambie pole sana, arudishe spana kwa boksi.

Sasa washa, utazame namba zikipanda. Injini nzima hupanda taratibu: 30, 45, 60, 75. Themostati hufunguka mahali kama 80 na kitu, bomba la juu la redieta linapata moto, namba zinatulia. Ukiiacha ikinguruma papo hapo, joto linapanda tena na feni inaingia, mara nyingi karibu na 95, halafu linashuka. Ukiona 45 halafu ghafla 110 halafu 60, jua hakuna maji hufanya hivyo. Hiyo ni waya, plagi yenye kutu, ama sensa imechoka.

Shahidi wa tatu ni ile bunduki ya kupima joto, ya infraredi. Usilete ile tulipigwa nayo kwa paji la uso wakati wa korona. Hiyo ni ya binadamu, haiendi mbali. Tafuta ya viwandani, mafundi wa friji na stima huwa nazo. Lenga nyumba ya themostati, chuma chenyewe, si raba. Itakuwa chini kidogo ya joto la maji, lakini itakuambia kama uko kwa 85 ama 115.

Halafu amua. Mshale unasema H, kompyuta inasema 89, bunduki inasema 84: geji ama dashibodi ndiyo iko na shida, enda kwa fundi wa stima. Mshale na kompyuta zote zinasema 115, bunduki inasema 85: sensa ama waya yake. Zote zinasema chini ya 70 hata baada ya safari: themostati. Zote tatu zinasema moto: ni moto kweli, zima injini.

Kwa gari za kitambo za sensa ya waya moja, kuna hata test ya bure. Ufunguo ukiwa on, chomoa ile waya: mshale unafaa kuanguka C. Gusisha waya kwa chuma kwa sekunde moja tu: unafaa kupanda H. Ukifanya hivyo, mshale na waya ziko fiti, sensa ndiyo mbaya. Usijaribu hii kwa sensa ya waya mbili ya kompyuta.

Na kama ni moto kweli?

Hata hapo, gasketi si ya kwanza kwa foleni. Panga kutoka rahisi kuenda ghali: maji, kifuniko cha redieta, feni na fyuzi yake, themostati, uchafu ulioziba redieta kwa nje na ndani, wota pampu. Gasketi inakuja mwisho, na iko na ushahidi wake. Mapovu yasiyoisha kwa redieta. Moshi mweupe wenye harufu tamu. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Mabomba yanakuwa magumu dakika chache baada ya kuwasha asubuhi. Kuna pia ile dawa ya bluu yenye inawekwa juu ya redieta. Kwa injini ya petroli, hewa chafu ya injini ikipita hapo inageuka manjano. Hiyo ndiyo ripoti ya maabara. "Nimeskia sauti yake" si ripoti.

Ukiwa kwa jam na mshale unapanda, zima AC, fungulia hita moto kabisa hata kama unatoa jasho, ingia kando, zima injini. Ngoja angalau nusu saa. Usijiambie utafika tu Athi River. Hizo kilomita tano ndizo hugeuza themostati kuwa injini nzima.

Siasa ya maji ya Kitengela

Hapa sasa ndipo Kajiado inatofautiana na Kileleshwa. Maji mengi ya Kitengela yanatoka visima virefu. Yana chumvi, yana floraidi, kila mtu anajua juu yanaonekana kwa meno ya watoto na kwa sufuria ya chai. Ule utando mweupe chini ya sufuria ndio huo huo unajijenga ndani ya redieta ukiweka maji ya mtungi. Bomba la Nolturesh linaleta maji kutoka upande wa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, lakini si kila ploti inaona tone lake. Kwa hivyo watu wanatumia kenye kiko, na kenye kiko ni kisima ama lori ya maji.

Utando huo ukifunika ncha ya sensa, unakuwa kama blanketi. Sensa inachelewa kuhisi joto. Maji yako 105 na yenyewe bado inasema 95. Feni inachelewa kuingia. Geji inadanganya na haijaharibika, imefunikwa tu. Ukibadilisha sensa bila kubadilisha maji, mpya itafunikwa vivyo hivyo.

Kuna pia hesabu ya mwinuko. Shule tuliambiwa maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni Mombasa. Kitengela iko juu ya mita 1,500, na maji ya kawaida yanachemka karibu na 95. Kajiado mjini iko juu zaidi, kwa hivyo hapo ni chini kidogo. Na injini yako inafanya kazi yake ya kila siku kati ya 85 na 95. Kumaanisha ukiweka maji matupu na kifuniko kimelegea, unaishi kando ya shimo kila asubuhi. Kifuniko kizuri kilichoandikwa 0.9 ama 1.1 kinashika presha na kupeleka kiwango cha kuchemka mbele ya nyuzi 115. Hicho kifuniko ni kitu kidogo sana kwa gari nzima, na ndicho wasee husahau. Kulanti ya kweli inaongeza tena hapo juu, inazuia kutu, na haiachi utando. Lakini chunga: rangi ya kijani ama ya pinki si dhamana. Maji ya rangi iko kwa soko. Soma lebo, nunua kwa duka lenye linakupa risiti, na kama ni ya kuchanganya, changanya na maji ya distilled, si ya kisima.

Kwa nini fundi hukimbilia gasketi

Ni rahisi kuwatukana mafundi. Wacha tuwe fair. Msee wa jua kali pale kando ya Namanga Road hana mshahara. Akitumia dakika arobaini kupima na kugundua ni plagi imelegea, wewe utamlipa nini? Wengi wetu tunatoa mbao mbili tatu na asante. "Si umeguza tu waya." Akifungua hedi, anapata labour ya siku mbili, anapata kitu kidogo kwa mwenye duka la spea Kirinyaga Road, na mashini ya kuskimi hedi nayo inampa chake. Sisi wateja ndio tumeandika hiyo bei. Tunalipa jasho lenye linaonekana na tunakataa kulipa akili.

Kwa hivyo anabahatisha. Anabadilisha sensa, ikikataa anabadilisha themostati, ikikataa anaunganisha feni direct iwake wakati wote, ikikataa ni gasketi. Kila hatua unalipa wewe. Na feni ya direct inaficha ugonjwa: gari inatulia miezi miwili, halafu siku ya kuenda Namanga na jua la Bisil, inakuumbua mbele ya mashemeji.

Hasara yenyewe haigawanywi sawa. Mwenye pesa anapeleka gari kwa gereji yenye mashini za ukweli, analipa diagnosis, anarudi. Mathe mwenye Probox ya kubeba mboga, amechukua loan ya logbook, hana wiki ya kungoja. Gari ikilala siku nne, mboga imeoza na installment iko pale pale. Na akiwa mwanamke, kuna mafundi wenye huona "madam" na kuongeza bei hapo hapo. Namba kwa skrini ya simu ndiyo kitu cha kwanza chenye kinamsawazisha na fundi. Wote wawili wanaona 89. Hakuna mtu anaweza kuongea juu yake.

Kenye kinafaa kubadilika

Kwanza, lipia kupima kama kazi kamili. Ukifika kwa fundi, mwambie hivi kabla ya boneti kufunguka: "Boss, nakulipa kwanza unitafutie shida, unionyeshe namba. Kutengeneza tutaongea baadaye." Mtu wa kazi ya ukweli atafurahi. Mwenye atakasirika amekuambia kitu pia.

Pili, mafundi wenyewe. NITA iko na trade test, Grade III hadi I, kuna ya makanika na kuna ya fundi wa stima ya magari. Hizo ni kazi mbili tofauti, na geji ikisumbua mara mob unahitaji ya pili. Fundi mwenye skana, multimita na hicho cheti anaweza kupandisha bei yake bila kumdanganya mtu. Hiyo ndiyo njia yake ya kuomoka.

Tatu, serikali. Kama NTSA inataka gari zetu za miaka minne na kuendelea zikaguliwe, basi hiyo pesa irudi na kitu mkononi. Gari yoyote yenye iko na OBD inaweza kusomwa kodi na joto la kulanti kwa dakika tano. Dere wa Kitengela akitoka huko na karatasi yenye imeandikwa namba zake, ataingia kwa gereji yoyote akiwa na ushahidi. Akitoka na stika peke yake, hiyo ni ushuru ingine tu.

Kabla hizo zote zifanyike, kuna yenye uko nayo kwa mkono. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko injini ikiwa baridi. Angalia kama maji iko, angalia rangi yake, angalia raba ya kifuniko kama imepasuka. Ni dakika mbili, na hakuna fundi anahitajika. Na mtu akikuambia hedi lazima itoke, muulize swali moja tu: "Umepima na nini?"